Mota Hazikuwa na Kosa: Daunriga Mbili za Mtera

Zililetwa karakanani kwangu Majengo, hapa Dodoma mjini, zikiwa ndani ya gunia la mkaa, na kijana wa bodaboda aliyezibeba aliniuliza kama ni mashine za kuchotea maji kisimani. Sikumcheka, kwa sababu hakuwa mbali sana na ukweli. Ukiitazama daunriga bila kuelezwa kazi yake utaona pipa dogo lililozungushiwa waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, mkono mrefu wa alumini wenye kapi kwenye ncha, mota ya volti 12 iliyofichwa ndani ya kasha la plastiki, swichi moja, na kihesabio kinachoonyesha umetoa futi ngapi za waya. Ningʼiniza ndoo kwenye ncha ya waya huo na kweli utachota maji. Mimi mwenyewe baadaye niliifanya kazi hiyo, ingawa si kwa sababu ya kiu.

Kazi yake halisi ni ya uvuvi. Mtu anayevua kwa kukokota mshipi nyuma ya boti husumbuliwa na jambo moja kila siku: boti ikitembea, mshipi huinuka na chambo huelea karibu na uso wa maji, ilhali samaki anayemtafuta ametulia chini kwenye maji ya baridi. Daunriga hushusha chubwi zito la risasi, mara nyingi la kilo nne au tano, kwa waya wake wenyewe. Mshipi wa kuvulia hubanwa kwenye kibanio kilichofungwa jirani na chubwi, kwa hiyo chambo hukokotwa katika kina kile kile ambacho chubwi limefika, na samaki akikamata, mshipi hufyatuka kutoka kwenye kibanio, mvuvi akabaki na samaki wake bila kuvuta pia uzito wa chubwi. Mashine hizi zilishika sana huko Amerika Kaskazini, hasa kwenye Maziwa Makuu, baada ya samaki wa samoni aina ya koho kupandikizwa katika Ziwa Michigan mwaka 1966, kwa kuwa samoni, maji ya juu yanapopata joto, hukimbilia chini. Mwenye mashine hizi mbili, ambaye nitamwita Mzee tu, alifanya kazi Kanada kwa miaka mingi, na aliporudi nyumbani alikuja nazo pamoja na boti ya faiba ya futi 22, ambayo sasa inakaa Mtera.

Hapo nilisita. Bwawa la Mtera lilikamilika mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu yanayozungusha mitambo ya umeme ya Kidatu, na lenyewe likapata kituo chake cha megawati 80 mwaka 1988. Ni bwawa pana mno lakini si refu kwenda chini, kwani likijaa huenea zaidi ya kilomita za mraba 600 huku maji yake yakiwa kama mita za ujazo bilioni 3.2, na ukigawanya utaona kwamba wastani wa kina ni mita tano hivi. Mashine yenye waya wa futi 200 ina kazi gani hapo, na perege na kambale wa Mtera hawajawahi kuhitaji heshima ya namna hiyo? Nilimuuliza Mzee, baada ya shikamoo, kwa lugha ya upole kadiri nilivyoweza. Akanijibu: "Fundi, nimekuletea mashine. Maswali sikukuletea."

Malalamiko yenyewe aliyaeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi. Mashine ya kwanza ilikuwa inapandisha chubwi polepole kama mtu mwenye homa, na wakati mwingine ilikataa kabisa kuanza, ikabaki kutoa sauti ya tak-tak-tak ndani ya kasha. Ya pili ilikuwa "inashusha vizuri lakini haipandishi". Aliongeza kwamba fundi mwingine alikwishamwambia mota zote mbili zimeungua na zinahitaji kusukwa upya, na kwa kuwa kusuka mota ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye kibao cha karakana yangu, basi ndiyo maana alikuja kwangu.

Nakiri kosa langu mapema. Nilimwamini yule fundi mwingine, kwa sababu alikuwa amesema jambo ambalo lingeniingizia fedha. Siku nzima ya kwanza niliitumia kufungua mota ya mashine ya kwanza, na kuifungua kwenyewe kulikuwa na gharama: skrubu za chuma kisichoshika kutu zikikaa miaka ndani ya alumini, na maji yakapita baina yao, alumini huliwa na kuwa unga mweupe unaoikamata skrubu kama saruji. Nilipaswa kulipasha moto kasha taratibu, nikatia mafuta ya kupenya na kusubiri hadi kesho yake. Sikusubiri. Skrubu ya tatu ilikatika kichwa, nami nikalazimika kuitoboa kwa keekee na kutengeneza hesi upya, kazi ya saa mbili ambayo sikumtoza Mzee hata senti. Nilipofika ndani nilikuta amecha, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, ikiwa safi, kaboni zinazoipelekea umeme zikiwa bado na zaidi ya nusu ya urefu wake, springi zikisukuma vizuri, na mahali kaboni zinaposugua pakiwa na rangi ya kahawia iliyolingana, ambayo kwa fundi wa mota ni kama mgonjwa kukuonyesha ulimi usio na utando. Hakukuwa na harufu ya vanishi iliyoungua. Mota ile haikuwa na kosa lolote.

Niliirudisha pamoja, nikaifunga mashine kwenye tawi la mwarobaini ulio mbele ya karakana, nikaiunganisha na betri yangu ya lori kwa nyaya nene za kuwashia gari, na badala ya chubwi nikaningʼiniza ndoo yenye lita tano za maji. Nikabonyeza swichi. Ndoo ilipanda kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde, bila kusita na bila tak-tak yoyote, huku watoto wa jirani wakishangilia na mama lishe wa ng'ambo ya barabara akiuliza kama inauzwa. Nilirudia mara kumi na tano. Mota ilipata vuguvugu tu.

Sasa, mashine inayoumwa ikiwa kwenye boti na kupona ikiwa kwenye mwarobaini haina haja ya kutafutiwa ugonjwa ndani ya mashine. Mota ya aina hii, yenye sumaku za kudumu, hula ampea kulingana na uzito inaobebeshwa, na mwendo wake hufuata volti inazozipata. Mota dhaifu kwa sababu ya waya zilizoungua ndani hupata joto, hunuka, na huvuta ampea nyingi kuliko kawaida. Mota inayokwenda polepole huku ikiwa na afya njema ni mota yenye njaa ya volti, na njaa hiyo husababishwa na kitu kilicho kati ya betri na mota. Hata ile sauti ya tak-tak ilianza kueleweka. Mota inapoanza kuzunguka kutoka kwenye kusimama huvuta ampea mara kadhaa ya zile za mwendo wa kawaida. Njia ya umeme ikiwa mbovu, volti huporomoka ghafla, rilei, yaani swichi ya sumaku inayoiwashia mota umeme, hukosa nguvu na kuachia, mzigo ukiondoka volti hurudi, rilei hukamata tena, na mzunguko unajirudia mara kadhaa kwa sekunde. Watu wengi husikia sauti hiyo na kubadilisha rilei, na rilei mpya ikifika nayo hulia vilevile.

Nilitaka kujua ampea ngapi zinapita, na hapa pana mtego ambao nimewaona mafundi wenzangu wakiuingia. Mita ya kubana waya inayouzwa kwa bei nafuu mjini husoma umeme wa mkondo geu tu, yaani ule wa TANESCO. Ukiibana kwenye waya wa betri itakuonyesha sifuri, nawe utaapa kwamba umeme haupiti. Mita ya kawaida nayo ina tundu la ampea 10, na ukipitisha 15 unaunguza fyuzi iliyo ndani yake. Njia yangu ni ya kimaskini lakini haijawahi kunitupa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa takriban miliomu 7.4, yaani sehemu 7.4 za elfu moja za omu, kwa kila mita, kwa hiyo naweka kipande chake cha mita moja kwenye njia ya umeme, nagusisha mita ya volti kwenye ncha zake mbili, na kila milivolti 7.4 ninazozisoma ni ampea moja. Pale kwenye mwarobaini nilisoma milivolti 96, yaani ampea 13. Kuinua kilo tano kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde kunahitaji wati 50 tu, na betri ilikuwa ikitoa kama 160, tofauti ikipotelea kwenye giya, beringi na joto la mota. Ni hasara kubwa, lakini ndiyo hali ya mota ndogo zenye giya za kupunguza mwendo, na hesabu hiyo ilinipa namba ya kulinganisha nitakapofika kwenye boti.

Mashine ya pili ilikuwa hadithi tofauti, na ilianza kwa neno la Mzee mwenyewe. "Inashusha vizuri" lilinipoteza kwa nusu saa nzima, maana nilidhani mota inazunguka upande mmoja na kukataa upande wa pili, nikaanza kufuatilia nyaya za kugeuza mkondo. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba katika mashine hizi chubwi halishushwi na mota hata kidogo. Unalegeza klachi kwa kuzungusha kishikio, chubwi linashuka kwa uzito wake, nawe unalidhibiti kwa kukaza na kulegeza. Kwa hiyo kushuka vizuri kulikuwa hakuthibitishi lolote kuhusu umeme. Hata ungeitoa betri na kuitupa ziwani, lingeshuka. Tangu hapo kila mteja anayeniambia kwamba kitu "kinafanya hiki ila hakifanyi kile" namuuliza kwanza kama hicho kinachofanyika kinahitaji umeme.

Umeme wake ulikuwa unaishia kwenye swichi. Volti 12.5 zilikuwa zinaingia, na upande wa pili, swichi ikiwa imebonyezwa, hapakuwa na kitu. Nilipoifungua, vidomo vya shaba vilikuwa vimefunikwa na kutu ya kijani, na mpira mwembamba unaofunika kitufe cha swichi ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka uubonyeze kwa kucha. Nadhani hali ya hewa yetu ina mkono katika hili. Mashine zilikaa miaka miwili stoo, katika ukavu na vumbi la Dodoma, mpira ukakauka na kupasuka. Halafu zikapelekwa majini, na maji yakaingia penye nyufa bila kukutana na kizuizi. Ningeweza kusugua vidomo kwa msasa na kuirudisha swichi, na ingefanya kazi mwezi mmoja, lakini utando wa fedha unaovilinda ulikuwa umekwisha. Niliweka swichi mpya ya aina ya kubonyeza na kuachia, inayostahimili ampea 30, niliyoipata kwenye duka la vipuri vya malori, nikaizungushia silikoni na kuivisha kofia ya mpira.

Nilibonyeza swichi mpya kwa majivuno. Mota ikazunguka kwa sauti nzuri, na pipa la waya likakaa kimya.

Kuna kijana anayemsaidia Mzee kutunza boti, mwenye moyo safi na kopo la grisi. Aliona sahani za klachi zikiwa kavu, akazipaka. Klachi ya daunriga hufanya kazi kwa msuguano kati ya sahani ya chuma na kipande kinachofanana na pedi ya breki, na ukiitia grisi unakuwa umeiondolea kazi yake yote. Nilitoa vipande hivyo, nikaviosha kwa petroli mara mbili, nikavifuta kwa spiriti, nikavisugua kidogo kwa msasa mwembamba hadi ule ungʼavu ukaondoka, nikavianika juani mchana mzima. Sahani za chuma nazo niliziosha. Grisi ilibaki mahali panapostahili, yaani kwenye beringi za pipa na kwenye giya, na kwa hizo nilitumia ile nyeupe isiyoyeyushwa na maji.

Klachi ikishakauka inataka kupimwa, na hapa sikubali kukadiria kwa mkono. Waya wa daunriga kwa kawaida huhimili ratili 150, yaani kama kilo 68, na mtu anaweza kudhani kwamba klachi ikazwe iwezekanavyo ili chubwi lisiteleze. Lakini boti ya futi 22 ikitembea na chubwi likanasa mahali, zile kilo 68 hufikiwa mara moja, na kabla waya haujakatika, mkono wa alumini unaweza kupinda au kitako cha mashine kikangʼoka na kipande cha faiba. Klachi ndiyo inayopaswa kusalimu amri kwanza. Nilifunga mizani ya springi, ile ya kupimia nyama, kwenye ncha ya waya, nikaivuta taratibu huku nikikaza kishikio kidogo kidogo hadi klachi ikawa inateleza kwenye kilo 10. Hiyo ni mara mbili ya uzito wa chubwi la Mzee na ushei, kwa hiyo haitateleza yenyewe kwa mawimbi, na bado iko mbali sana na mahali ambapo kitu kinaweza kuvunjika. Nikachora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mke wangu kwenye kishikio na kwenye kasha, ili hata yule kijana wa grisi aweze kuulinganisha. Mke wangu ameshaiulizia rangi hiyo mara mbili.

Waya wenyewe niliupitisha wote ndani ya kitambaa cha pamba kilichobanwa vidoleni. Uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, pamba hunasa papo hapo kabla macho hayajaona kitu. Ulinasa futi ya saba na futi ya kumi na moja, karibu na chubwi, mahali panapopita kwenye kapi mara nyingi zaidi. Nilikata futi 15 na kufunga kichwa upya kwa kibano.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mtera kwa gari la Mzee, barabara ya Iringa, kupitia Chipogolo, mpaka pale barabara inapopita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe. Mwendesha boti, mvuvi wa pale pale, alitupokea kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na kutuonyesha boti. Nilikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye soketi ambapo daunriga huchomekwa, nikapima. Volti 12.6. Mzee akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi: "Umeona? Umeme upo."

Hapa ndipo penye jambo lote lililonifanya niandike makala hii. Namba ile ya 12.6 ilikuwa ya kweli na haikuwa na maana yoyote. Mita ya volti haivuti umeme, au huvuta kidogo mno, kwa hiyo hata njia iliyobaki na uzi mmoja wa shaba itaionyesha volti zote za betri. Ni kama kupima kama bomba lina maji kwa kutazama tone linalodondoka wakati limezibwa kwa kidole. Tone utaliona, lakini ndoo huijazi. Taa ndogo ya majaribio nayo hudanganya vivyo hivyo, kwa sababu huridhika na nusu ampea. Njia inapimwa ikiwa imebebeshwa mzigo wake, basi. Niliichomeka mashine ya kwanza, tukashusha chubwi, mwendesha boti akaiendesha boti taratibu, nikambonyezesha Mzee swichi huku mita ikiwa kwenye soketi. Volti zilishuka kutoka 12.6 hadi 8.6. Kwa waya wangu wa mita moja nilisoma milivolti 133, ambazo ni ampea 18, kwa kuwa sasa mota ilikuwa inapambana na mkokoto wa maji pia.

Nikahamisha mita, na huu ndio ustadi pekee ninaoudai katika kazi nzima. Ukiwa na mzigo, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye mwisho wa waya ule ule, upande wa chanya, kisha upande wa hasi. Mita itakuonyesha volti zilizopotea njiani, na ukisogeza ncha kiungo kwa kiungo utajua zimepotelea wapi hasa. Betri yenyewe, ikiwa na mzigo, ilikuwa na 12.3, kwa hiyo haikuwa na lawama. Volti 3.7 zilikuwa zinamezwa na nyaya na viungo.

Nyaya zenyewe zilikuwa za nyumba, milimita za mraba 1.5, zile tunazozitumia kwa taa za vyumbani. Zamani betri ilikaa nyuma, karibu na mashine, na nyaya za asili zilitosha. Kisha mtu akaihamishia mbele ili boti ikae sawa majini, akaunganisha mita sita za waya wa taa kufidia umbali. Mita sita kwenda na sita kurudi ni mita 12, na kwa waya wa unene huo ukinzani ni karibu omu 0.145. Zidisha kwa ampea 18, unapata volti 2.6 zinazogeuka joto ndani ya plastiki. Volti 1.1 zilizobaki nilizikuta kwenye viungo viwili vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe mweusi, na kwenye nguzo ya hasi ya betri, ambayo ilikuwa na unga wa kijani na mweupe chini ya nati ya mabawa. Nilipoifungua nati hiyo kwa vidole viwili bila spana, Mzee aliacha kunitazama.

Tulikuta na kitu kibaya zaidi, ingawa hakikuwa kinapunguza volti. Mahali pa fyuzi palikuwa pamefungwa nyuzi tatu za shaba zilizosokotwa. Fyuzi ya awali iliungua siku moja, mtu akaona hana nyingine, akafanya tunachofanya wengi wetu. Kwenye boti ya faiba yenye tangi la petroli, umbali wa kilomita kadhaa kutoka ufukweni, sina maneno ya adabu ya kuelezea jambo hilo.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa fupi kuliko kazi ya kutafuta, na haina mengi ya kusimulia. Tuliweka waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 10, bila kiungo chochote katikati, lagi, yaani vichwa vya kufungia waya, zikabanwa kwa koleo lake na kuvishwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Fyuzi ya ampea 30 kwa kila mashine ikawekwa ndani ya shubiri mbili kutoka kwenye betri, kwa kuwa fyuzi iliyowekwa mbali hulinda mashine tu na kuuacha waya uungue. Nati ya mabawa nilimpa mwendesha boti. Kipimo cha mwisho, kikiwa na mzigo ule ule wa ampea 18, kilitoa volti 11.8 kwenye soketi, na mashine ya kwanza ikapandisha chubwi kwa kasi ile ile ya ndoo ya Majengo.

Kuna jambo ambalo mwendesha boti alilijua na sisi tuliokuja na mita hatukulifikiria. Mtera ilipojazwa maji, msitu uliokuwa bondeni haukukatwa wote, na hadi leo miti mikavu imesimama majini, mingine ikitokeza vichwa na ndege wakitua juu yake, mingine ikiwa chini kabisa isionekane. Tulikuwa tunakokota kwa fundo mbili, chubwi likiwa futi 14 na daunriga ya pili ndiyo iliyo kazini, wakati mkono wa alumini ulipoinama ghafla na klachi ikaanza kulia krrrr, waya ukitoka wenyewe huku kihesabio kikikimbia: 20, 30, 45. Mwendesha boti alizima injini kabla sijafungua mdomo. Nilitazama ule mstari mwekundu wa rangi ya kucha. Ulikuwa mahali pake. Hakuna kilichovunjika. Tulirudi nyuma polepole hadi tukapita juu ya mahali palipotunasa, tukavuta kutoka upande wa pili, na chubwi likaachia likiwa na ganda la mti uliooza lililong'ang'ania kwenye pete yake.

Mzee alitaka kujua chubwi lilikuwa kina gani hasa, kwa kuwa kifaa cha kupima kina kilimwambia lilikuwa futi 12 na kihesabio 14. Nilimweleza kwamba vyote viwili vinasema kweli. Kihesabio huhesabu urefu wa waya uliotoka, na boti ikitembea waya haushuki wima, hulala nyuma. Ukilala kwa nyuzi 30 kutoka wima, waya wa futi 14 hulifikisha chubwi futi 12 tu. Kadiri unavyokwenda kasi, au chubwi linavyokuwa jepesi, ndivyo tofauti inavyokua.

Samaki hatukupata. Perege wa Mtera, kama nilivyotaka kusema tangu siku ya kwanza, hawakuonyesha kuvutiwa na chambo cha samoni. Lakini tulipopandisha mashine na chubwi likafika kwenye kapi, kihesabio cha ile ya pili kiligoma kurudi sifuri. Kilisimama kwenye 3, kwa sababu zile futi zilizokimbia wakati wa kunasa zilikuwa zimejikunja ovyo kwenye pipa, na waya uliojikunja vibaya hauhesabiki sawa. Nilimwambia Mzee nitaufungua wote na kuukunja upya nikirudi Majengo. Akasema niache kwanza, kesho anatoka tena alfajiri, na atakuwa anatoa tatu kichwani.